Barua ya Wazi kwa Msimamizi wa Kituo cha Treni: Abiria wa Alfajiri Ale Nini?

Kwa Mheshimiwa Msimamizi wa Kituo,

Pokea salamu zangu, na uniwie radhi kwa kukuandikia hadharani jambo ambalo ningeliandika kwenye kitabu cha maoni kilicho pale mapokezi. Kitabu hicho nimekifungua mara mbili, na mara zote mbili kalamu iliyofungwa kwa kamba haikuwa na wino. Jina la kituo sitalitaja, kwa kuwa sina nia ya kumwaibisha mtu.

Jumamosi moja nilimsindikiza mama yangu safarini. Mama anaugua kisukari na hujidunga insulini asubuhi kabla ya kula. Akishajidunga, chakula hakina subira. Tuliamka saa tisa usiku, kwa sababu abiria hutakiwa kufika mapema ili mizigo ikaguliwe, na katika zile pilkapilka za kutafuta gari gizani tukausahau mezani mkebe wa chapati na ndengu. Kosa hilo ni letu. Mama alijidunga tukiwa foleni, akiamini kwamba jengo kubwa namna ile halikosi kikombe cha chai.

Tulichokikuta ndani ni duka moja tu, nalo lilikuwa limeshusha mlango wake wa chuma. Mlinzi alituambia kwa upole kwamba hufunguliwa saa moja na nusu. Nje ya lango nilikuwa nimempita dada mwenye thamosi mbili na ndoo ya mandazi yaliyofunikwa kwa kitambaa cheupe, lakini kumrudia kungenilazimu kupanga foleni upya na kukaguliwa upya, huku nikimwacha mama peke yake. Ilipofika saa kumi na mbili na robo alianza kutokwa na jasho, vidole vikitetemeka juu ya mkanda wa mkoba wake. Kimashine cha kupimia sukari kikasoma 3.4, na mgonjwa wa kisukari akishuka chini ya 4 anapaswa kupata kitu chenye sukari papo hapo. Kijana aliyeketi nyuma yetu akatupatia nusu chupa ya soda aliyokuwa nayo. Mama mwingine, bila kuombwa, akafungua kikapu chake na kummegea nduma ya kuchemsha, ingali na vuguvugu ndani ya leso. Treni ilipotangazwa sote tuliinuka kwa kishindo, na sikupata hata nafasi ya kumshukuru ipasavyo.

Mheshimiwa, safari za reli hapa kwetu zilijua zamani kwamba abiria ana tumbo. Reli kutoka Mombasa ilipofika Nairobi mwaka 1899 hapakuwa na mji, na katika miaka ile ya mwanzo, kabla ya mabehewa ya chakula, treni ilisimama njiani, Voi ikiwa mojawapo ya vituo hivyo, ili wasafiri washuke wale mezani. Tena Makindu, hekalu la Wasikh lililojengwa mwaka 1926 na watu waliofanya kazi kwenye reli hiyo hiyo linaendelea hadi leo kumlisha bure kila msafiri apitaye, bila kumwuliza dini yake. Sikuombi utulishe bure. Nataja Makindu kwa sababu watu wa reli ndio walioanzisha desturi hiyo, nasi tunashindwa kuuziana chai.

Najua jibu ambalo wengi hulitoa: kwamba wachuuzi huleta uchafu na msongamano, na kwamba usalama wa kituo hauruhusu kila mtu kuingia na ndoo yake. Hoja ya usalama naiheshimu. Lakini yule dada wa thamosi anaweza kukaguliwa kama ninavyokaguliwa mimi, na sheria zetu tayari zinamtaka kila anayeuza chakula apimwe afya na kupata cheti kila baada ya miezi 6. Mtengee meza mbili au tatu upande wa ndani wa ukaguzi, umdai cheti hicho pamoja na pipa la taka, na umtoze kodi ndogo anayoweza kuimudu. Hapo abiria atapata chai ya maziwa, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu na nduma, yaani vyakula ambavyo watu wa Nairobi hula asubuhi, badala ya biskuti na krispi ambazo ndizo pekee nilizoziona siku duka lilipokuwa wazi. (Chai yao, nikiwa mkweli, ni nzuri, bei yake tu ndiyo iliyonifanya niinywe polepole.)

La pili ni dogo zaidi: duka lifunguliwe saa moja kabla ya treni ya kwanza kuondoka, na bei zibandikwe mlangoni. Pia pawe na bomba la maji safi ya kunywa, kwani mtu aliyemeza dawa alfajiri hawezi kungojea chupa ya kununua.

Mama ana miadi ya kliniki Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, nasi tutapita hapo alfajiri kama kawaida. Safari hii mkebe wa chapati nitautundika kwenye kitasa cha mlango tangu usiku, kisha nikifika nitamwuliza mlinzi yule yule duka linafunguliwa saa ngapi.

Wako mwaminifu,
Abiria wa treni ya asubuhi,
Nairobi