Anayekwenda kujitolea ugenini aulize kwanza nani amemwita

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nichangie makala mliyoichapisha wiki iliyopita kuhusu vijana wanaokwenda kujitolea nje ya nchi. Mwandishi alieleza vizuri namna ya kujaza fomu, kuomba viza na kukata bima ya afya, lakini hakuligusa swali ambalo kwangu ndilo la kwanza: huko uendako nani amekuita, na amekuitia kazi gani?

Nauliza hivyo kwa kuwa niliwahi kwenda bila kulijua jibu lake. Nilimlipa wakala ada, naye akanipeleka kwenye zahanati moja ya ugenini kwa wiki sita. Siku ya kwanza muuguzi mkuu alinitafutia kiti, akanikaribisha, kisha akaniuliza kwa upole nimekuja kufanya nini, swali ambalo nilitegemea kumwuliza yeye. Lugha ya pale sikuijua, hivyo kila nilipotaka kuzungumza na mgonjwa ilimbidi muuguzi aache kazi yake aje anitafsirie. Hatimaye nikapewa majalada niyapange, nami nikayapanga kwa herufi za majina kwa bidii yangu yote. Baada ya kuondoka nilipata habari kwamba yamerudishwa katika mpangilio wa namba za wagonjwa, kwa sababu hivyo ndivyo watu wa masjala walivyozoea kuyatafuta. Simlaumu yeyote pale. Walinivumilia kuliko nilivyostahili.

Mipango iliyodumu haiendeshwi hivyo. Peace Corps ya Marekani, iliyoanzishwa na Rais John F. Kennedy mwezi Machi 1961, hupeleka watu wa kujitolea katika nchi zilizowaomba. Tanganyika ilikuwa inahitaji barabara, na kundi lake la kwanza mwaka huohuo likawa la wapimaji ardhi, wahandisi na wanajiolojia. Ghana, iliyohitaji walimu, ikapelekewa walimu. Muda wa kawaida ni miezi 27, na takribani mitatu ya mwanzo ni ya mafunzo, ikiwemo lugha ya wenyeji. Kijana anayeona muda huo ni mrefu mno na akumbuke kwamba mimi wiki sita hazikunitosha hata kujua chumba cha dawa kinafunguliwa saa ngapi. Programu ya Umoja wa Mataifa ya Kujitolea, yenye makao makuu Bonn, nayo haimtozi mwombaji ada. Taasisi itakayompokea ndiyo inayoeleza kazi inayotaka ifanywe, na anayechaguliwa hupewa posho ya kujikimu. Norway imekwenda mbali zaidi, kwani shirika lake la Norec hugharimia taasisi za nchi mbalimbali kubadilishana wafanyakazi, ili anayepokea leo naye apate kupeleka mtu wake.

Pasipo na mwenyeji aliyeomba, mteja wa wakala ni yule anayesafiri, na kazi hutafutwa ili yeye aridhike. Hapo ndipo mtu asiyewahi kushika mwiko wa fundi anapojengeshwa ukuta, ilhali mafundi wa mahali pale wamekaa bila kazi. Mahali pabaya kuliko pote, kwa maoni yangu, ni vituo vya kulelea watoto yatima. Mtoto humzoea mgeni kwa majuma mawili, mgeni akaondoka, akaja mwingine, naye akaanza kumzoea upya. Isitoshe, wengi wa watoto wanaoishi katika vituo hivyo wana angalau mzazi mmoja aliye hai, na fedha za wageni zinaweza kuwa sababu ya kuwaweka humo badala ya kuwarudisha kwao.

Simkatazi kijana kwenda. Namshauri tu kwamba, kabla hajalipa hata senti, aombe barua kutoka kwa taasisi itakayompokea, si kwa wakala, ikitaja kazi yenyewe, msimamizi wake, na mfanyakazi wa pale atakayeiendeleza yeye akishaondoka. Wakala akisema mambo hayo yatajulikana mkifika, basi jibu limeshapatikana.

Nawe Mhariri nina ombi kwako. Matangazo ya safari za kujitolea hutokea mara kwa mara katika kurasa zenu, yakiwa na picha nzuri na tarehe za kuondoka. Naomba mtangazaji atakiwe pia kutaja jina la taasisi mwenyeji na kazi iliyoombwa, na asiyekuwa nayo tangazo lake lisipokewe.

Wako katika ujenzi wa jamii,
Msomaji wenu wa siku nyingi