Mama aliyefiwa na kichanga naye afuatiliwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie fistula ya uzazi, maradhi ambayo hutajwa sana kila Mei 23, siku iliyotengwa na Umoja wa Mataifa, kisha hunyamaziwa hadi mwaka mwingine. Mimi ni muuguzi mkunga mstaafu, na sehemu kubwa ya utumishi wangu ilikuwa katika zahanati za vijijini mkoani Tabora.

Fistula hutokana hasa na uchungu pingamizi. Mtoto anaposhindwa kupita, kichwa chake hubana kibofu cha mkojo, na wakati mwingine njia ya haja kubwa, kwenye mifupa ya nyonga kwa saa nyingi, pengine siku mbili, hadi nyama iliyobanwa ikakosa damu na kufa. Baada ya siku chache nyama hiyo huachia tundu, na mkojo huanza kuvuja usiku na mchana. Mara nyingi mtoto naye huwa amefia tumboni, au hufariki muda mfupi baada ya kuzaliwa, na hilo ndilo lililonifanya niandike.

Utaratibu wetu wa kumfuatilia mzazi, kwa vitendo, umefungwa kwenye kadi ya mtoto. Mama hurudi kliniki kwa ajili ya chanjo na kupima uzito, na hapo ndipo muuguzi hupata wasaa wa kumuuliza habari za kidonda, damu, maziwa na uzazi wa mpango. Aliyezika kichanga chake hana kadi, wala hana moyo wa kukaa kwenye benchi moja na wenzake waliopakata watoto. Hivyo yule ambaye tungepaswa kumshuku kuliko wote kwamba ana fistula ndiye tusiyemwona kabisa, ilhali katika rejista ya kituo ameandikwa kuwa alijifungua na akaruhusiwa.

Nilipata kumkuta mmoja wao nyumbani kwa wakwe zake. Alikuwa ameketi nyuma ya jiko juu ya kanga kuukuu zilizokunjwa, akiwa amejinyima maji ya kunywa ili mkojo upungue. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba mkojo uliokolea huunguza mapaja zaidi, na kwamba huzidisha harufu ileile anayojaribu kuificha. Mguu wake mmoja ulikuwa ukiburuta, kwa kuwa mishipa ya fahamu nayo hubanwa katika uchungu wa namna hiyo. Mama mkwe aliniambia kwa upole kabisa kwamba mkamwana wake alikuwa amerogwa.

Tiba ipo. Hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam hufanya upasuaji huu bila malipo, na imekuwa ikituma nauli kwa M-Pesa ili mgonjwa aweze kusafiri. Wengi hupona wakifanyiwa upasuaji na daktari aliyebobea. Tena tundu likiwa dogo na likagunduliwa mapema, mpira wa mkojo ukiachwa kwa wiki nne hadi sita unaweza kulifanya lizibe bila kisu. Mpira si kifaa cha ajabu, hata kituo cha afya cha kata kinaujua. Anayekosekana ni mtu wa kumwona mama huyo kabla wiki hizo hazijapita.

Sikatai kwamba hali imebadilika. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 81 ya uzazi hufanyika katika vituo vya huduma za afya, na mpango wa m-mama umemwezesha mjamzito aliyepata dharura kusafirishwa kwa kupiga namba 115. Hata hivyo, kufika kituoni si kinga ikiwa patografu, yaani chati ya kufuatilia mwendo wa uchungu, haijazwi na rufaa inaandikwa jua limekwisha kuzama. Zipo pia fistula zinazotokana na upasuaji wenyewe wa kumtoa mtoto, unapofanywa na mikono isiyozoea, na hizo hazitapungua kwa kujenga vyumba vya upasuaji peke yake.

Ombi langu kwa halmashauri ni hili. Kituo kinapoandika kifo cha kichanga, au uchungu uliopitiliza, jina la mama lipelekwe kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii kabla mama hajaruhusiwa, ili atembelewe ndani ya wiki ya kwanza na aulizwe waziwazi, mumewe na mawifi wakiwa mbali, kama mkojo au haja kubwa humtoka bila kujijua. Atakayejibu ndiyo arudishwe kituoni mara moja, na bajeti iwe na nauli yake pamoja na ya msindikizaji, kwa sababu wengi wao huogopa kupanda basi lililojaa watu kuliko wanavyoogopa kisu.

Muuguzi mkunga mstaafu,
Sikonge, Tabora