Ile kanda ya Mjomba

Glasgow, Jumapili usiku

Dada,

Shikamoo. Mfikishie Mama shikamoo yangu, na umwambie hela ya mbolea nimeituma Ijumaa, na lile koti alilonisumbua nalo nimenunua. Mimi mzima. Mengine tutaongea kwenye simu. Leo nina jambo moja tu, na ukitaka kucheka, cheka.

Unaikumbuka kanda ya Mjomba? Ile nyeusi isiyo na jalada, imeandikwa kwa peni "Mchanganyiko 4". Mjomba alirudi kutoka Tunduma na kanda ya kuazima kwa dereva mwenzake. Akaweka redio mbili zikitazamana juu ya meza, moja inapiga, nyingine inarekodi, sisi tumekatazwa hata kukohoa. Wimbo alioutaka ulikuwa Hotel California.

Sasa Hotel California ninayoisikia huku, redioni, dukani, mpaka kwa kinyozi, siyo ile. Hii inaingia moja kwa moja kwenye wimbo. Ya Mjomba ilianza na gitaa linapapasa peke yake, kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Zikafuata ngoma. Halafu mvua. Mvua ya Tukuyu kabisa, juu ya bati, inashuka ghafla pale gitaa linapoanza kueleweka. Na mwisho hapakuwa na mwisho: upande A uliisha mwimbaji akiwa bado anaimba, tak!

Kazini nimebishana na watu mpaka wakanichoka. Niliposema kwetu inanyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, ndiyo maana mvua iliingia hadi kwenye muziki, wakaona naongeza chumvi. (Mvua ya huku ni ya kunyunyizia bustani. Haina sauti.)

Juzi mzee mmoja wa zamu ya usiku, shabiki tangu ujana wa Eagles, bendi yenye wimbo huo, akanisikiliza mpaka mwisho bila kucheka. Akasema: ya redioni ni ya albamu ya mwaka 1976. Bendi ilivunjika 1980, na mwimbaji wao Don Henley akatamba kwamba watarudi pamoja siku jehanamu itakapoganda barafu. Mwaka 1994 wakarudi, wakapiga mbele ya watazamaji kule California kwa ajili ya televisheni, na albamu wakaiita kwa maneno hayohayo, Hell Freezes Over. Humo wimbo umepangwa upya kwa magitaa yasiyo ya umeme. Akanipa spika zake za masikioni.

Dada, nilikaa chini. Gitaa lilelile linapapasa. Ngoma zilezile. Kisha gitaa likashika njia ya wimbo, watu wakautambua, wakalipuka. Makofi! Mvua yangu ya miaka yote hii ni makofi ya Wamarekani. Na baada ya maneno kuisha kuna magitaa marefu ambayo sisi hatukuwahi kuyasikia, kwa sababu kanda ya dakika 60 ina dakika 30 tu kila upande na Mjomba hakupiga hesabu.

Ningeishia hapo. Lakini makofi yale ni ya muda mfupi, yanapoa, mwimbaji anaanza. Mvua ninayoikumbuka mimi haikupoa. Na ndani yake kuna sauti ya Mama: "Anueni nguo!" Sasa sijui Mama yumo kwenye kanda, au alisema siku nyingine nami nimemshonea humo mwenyewe.

Mzee akanisimulia kitu kingine. Don Felder, aliyetunga muziki wa wimbo huo, alikuwa amerekodi sampuli nyumbani kwake Malibu. Walipofika studio Miami, Henley akataka gitaa lipigwe sawasawa na kwenye kanda ile, na Felder alikuwa ameshasahau. Ikabidi ampigie simu mfanyakazi wake wa nyumbani, atafute kanda, aiweke kwenye redio na kusogeza mkonga wa simu pale. Felder akajifunza upya kazi yake mwenyewe kupitia simu.

Basi na wewe nifanyie hivyo. Kanda itakuwa kwenye lile sanduku la bati chini ya kitanda cha Baba, pamoja na risiti za kahawa. Usiiweke kwenye redio ya Baba kabla hujajaribu kanda usiyoijali, ile redio ilikuwa inameza. Izungushe kwanza kwa peni, polepole, mbele kisha nyuma. Jumapili ijayo, saa mbili usiku kwenu, nitapiga. Weka simu karibu na spika na watoto wanyamaze.

Mama usimwambie bado. Mkalishe tu karibu.

Ndaga fijo.

Mdogo wako