Kabla ya safari yetu ya Bagamoyo

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu.

Jumamosi basi litaondoka kanisani saa 12 kamili asubuhi. Kabla hatujafika nawaomba msome haya, hasa mnaokuja na watoto.

Shule tutakayoizungumzia, ile ya misioni ya Bagamoyo, haikuanza kwa ada wala sare. Mapadre wa Roho Mtakatifu walihamia Bagamoyo kutoka Unguja mwaka 1868, wakiwa na watoto waliokombolewa kutoka soko la watumwa. Soko lile lilikuwa bado wazi, lilifungwa 1873. Kwa hiyo wanafunzi wa kwanza walikuwa watoto walionyang'anywa wazazi, wengine wakiwa hawana hata lugha moja ya pamoja. Hapo ndipo mimi hunyamaza kila nikifika.

Walifundishwa dini, kusoma na kuandika, pia useremala, uhunzi na kilimo. Kazi za shamba zilikuwa nyingi, na tusiwafiche watoto wetu jambo hilo. Walipokua na kuoana, walipewa nyumba na kipande cha ardhi katika kijiji cha uhuru, yaani kijiji cha waliokombolewa utumwani.

Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha majengo mengi ya misioni. Wakajenga upya.

Makumbusho yamo katika nyumba ya zamani ya masista. Tutaanzia humo, kisha tutapita makaburini na kusali kidogo.

Mama zetu wa jumuiya, chakula ni kama tulivyopanga. Ambaye hajathibitisha nafasi yake, aniandikie leo kabla ya saa 2 usiku.