Nusu ya uwanja tunachorewa ukutani

Mhariri,

Nawasoma siku nyingi na sijawahi kuwaandikia hata mstari, ila ile habari yenu ya ngome ya Warumi hapa Chester imenichefua. Eti wenzetu Uingereza wanatunza magofu kama mboni ya jicho! Huyo mwandishi wenu alipita na basi tu, hakushuka.

Mwezi uliopita mama mdogo alikuja kutoka Tanga, nikampeleka kwenye uwanja wa duara wa wale askari wa Kirumi wa Lejioni ya 20, kikosi chao kikubwa cha jeshi, mkubwa kuliko wote uliopatikana nchi hii. Mguu unamsumbua lakini akajikongoja. Kufika akatazama weee, akaniuliza, mwanangu mbona nusu? Nikamwambia nyingine iko chini ya udongo, juu yake kuna jumba kuukuu halina mtu na jengo la mahakama. Na ile pale? Ile picha mama, wameichora ukutani ili uone kama uwanja unaendelea. Alicheka mpaka akakaa kwenye mawe. Kwao Tongoni, kwenye yale makaburi ya kale, kaburi likianguka limeanguka, hakuna anayekuja na brashi kukumalizia.

Na uwanja wenyewe umejulikana tangu 1929, wakati huo wanataka kuupitishia barabara katikati, watu wakakataa ikabidi barabara ipindishwe. Lakini hiyo mahakama mhariri sio ya enzi za mababu, imejengwa juzi tu miaka ya 2000 mwanzoni, watu walipiga kelele wee na ikasimama vilevile. Halafu hamamu, ile nyumba ya kuogea, mbona hamkuitaja? Askari walikuwa na hamamu lao kubwa ndani ya ngome, limekaa ardhini karibu miaka 1,900, miaka ya 60 wakalivunja wajenge maduka, MADUKA, kilichobaki ni vipande, kimoja kiko chini ya duka Bridge Street. Leo mimi fundi nikipata kazi ya kuchimba msingi pale katikati ya mji lazima taarifa itolewe wiki 6 kabla, ndo sheria ya mambo ya kale ya 1979, na sina ugomvi nayo, sheria nzuri kabisa, ila imefika hamamu limeshazikwa. Sasa inalinda nini, risiti za viatu?

Na paking je? Tumerudi kwenye gari tumechelewa dakika tisa, mama bado anacheka, tumekuta faini imebandikwa kwenye kioo. Nikaandika barua kujieleza, nikajibiwa na kompyuta.

Basi mimi nimeamua hivi, na mwandishi wenu anaweza kuwafikishia hao wa faini maana naona wanaelewana. Hiyo faini nitalipa nusu. Nusu nyingine nitawachorea ukutani, vizuri tu, kwa rangi ya mafuta, ukisimama mbali utaona kama hela zinaendelea.

Fundi, Chester