Kuku wako 12 na ndoo ya kuchachusha

Morogoro, 9 Juni

Zuhura mwenzangu,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, mvua zimekatika na baridi ya Uluguru imeshuka mpaka mjini. Barua yako nimeipata, na nianze na lile uliloliuliza kwanza: hapana, ukichachusha chakula cha kuku, yaani kukiloweka siku kadhaa mpaka kiwe kikali kama togwa, gunia la mwezi mmoja haliendi miezi miwili. Aliyekwambia hivyo alipima chakula kikiwa kimeshalowa.

Piga hesabu mwenyewe. Kilo 1 ya paraza (mahindi yaliyovunjwavunjwa) na pumba ukiitia lita 1.3 za maji, mizani inasoma kilo 2.3. Kuku chotara anayetaga anahitaji gramu 110 hadi 130 za chakula kikavu kwa siku. Ukimpimia gramu 120 za kilicholowa, umempa kama gramu 52 za chakula, kinachobaki ni maji ya kujaza gole. Atatulia, hatapiga kelele, na wiki ya pili trei ya mayai haijai. Hapo watu huanza kulaumu mbegu, au baridi. Wewe pima kikavu, kabla maji hayajakigusa, na hakikisha chote ulichopima kinaliwa.

Faida ipo, ila inatoka kwingine. Kuku akipewa mchanganyiko mkavu anachagua punje, anapekua, na vumbi lenye dagaa na madini linabaki chini ya kihori au linakwenda na upepo. Na upepo wa Dodoma unaujua. Kikiwa na unyevu, kubwa na dogo vinashikamana na vinaliwa pamoja. Halafu pumba na mashudu yana fosforasi nyingi iliyofungwa ndani ya kitu kinachoitwa faiteti, ambacho tumbo la kuku linakivunja kidogo sana. Kule kulowa na kuchachuka kunaachia sehemu yake. Na ile asidi, inayotengenezwa na bakteria wa jamii ileile ya mtindi na togwa, inawabana bakteria wabaya kama salmonela wasistawi.

Najua mama ataiona ndoo na kusema chakula kimechacha, kimwagwe. Lugha yetu ina neno moja kwa mambo mawili. Mwambie togwa nayo imechacha na anakunywa. Kilichochachuka kwa asidi kinanuka ukali safi. Kilichooza kinanuka uvundo. Pua ndiyo kipimo chako cha kwanza, na pua ya mama inaweza kuwa nzuri kuliko yako, kwa hiyo mshirikishe.

Sasa mchanganyiko. Kwa mitetea 12, siku moja: paraza gramu 600, pumba za mahindi 250, mashudu ya alizeti 200. Hivi ndivyo vinavyoingia ndooni. Vingine unavichanganya asubuhi ya kulisha, kikavu juu ya kilichochachuka: dagaa waliosagwa gramu 120, soya iliyokaangwa na kusagwa 100, chumvi kijiko cha chai kisichojaa, na primiksi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Dagaa akikaa siku tatu ndani ya maji, harufu utakayoipata haitakuwa ya togwa. Primiksi ina vitamini, na mara nyingi ina amino asidi zilizotengenezwa kiwandani, ambazo bakteria wanaweza kuzila kabla kuku hajazifikia. Soya mbichi usiitie kabisa. Ina kitu kinachozuia protini isimeng'enywe, na kuchachusha peke yake hakukiondoi cha kutosha. Inataka moto.

Chokaa ya mifugo iwe kwenye kopo lake, kama gramu 110 kwa siku kwa hao 12. Matemba ambayo hayajaanza kutaga, na jogoo, hawaihitaji kwa wingi huo, na mtetea anajua mwenyewe kuidonoa. Ila sababu kubwa ni kwamba chokaa inaua asidi. Hii ndiyo inayowakwaza wanaochachusha chakula cha kuku wa mayai cha dukani: wanaona mapovu mengi siku ya kwanza, wanafurahi, kumbe ni chokaa inachemka inapokutana na asidi kidogo iliyopo. Ukali hauji, au unachelewa sana. Kama utanunua cha dukani, loweka saa moja tu kabla ya kulisha, inatosha kuzuia vumbi. Cha kuchachusha ni nafaka na pumba.

Mahindi yakipanda bei, nyie Dodoma hamkosi mtama. Mtama mweupe unaweza kushika nusu ya nafasi ya paraza. Mwekundu mara nyingi una tanini, ule ukakasi wa ganda. Kulowekwa kunaipunguza lakini hakuimalizi, kwa hiyo usivuke robo. Rangi ya kiini cha yai itakuwa hafifu kwa vyovyote, maana mahindi yetu ni meupe. Rangi ya kiini inatoka kwenye mchicha na majani mengine unayoning'iniza bandani, ndoo haina msaada hapo.

Tafuta ndoo 3 za plastiki za lita 10, zilizokuwa za mafuta ya kula au maziwa. Za rangi achana nazo. Debe na ndoo za bati usitumie, wala kihori cha bati, kwa sababu asidi inayeyusha zinki na zinki ni sumu kwa kuku. Maji ya bomba yaache wazi usiku mzima ili klorini itoke. Tia paraza, pumba na mashudu, mimina maji mpaka yapite juu vidole viwili, koroga mpaka chini pasibaki unga mkavu. Baada ya saa chache mchanganyiko utakuwa umekunywa maji na kuvimba. Ongeza yarudi palepale. Funika, lakini usikaze kifuniko, gesi inataka kutoka. Koroga asubuhi na jioni kwa mwiko wake, usiwe wa jikoni.

Huna haja ya kununua chachu. Nafaka imekuja na bakteria wake. Ukitaka kuwaharakisha tia kikombe cha togwa iliyokwisha kuwa kali, au maji ya juu ya mtindi. Hamira usitie, utatengeneza pombe.

Kwenye joto la nyuzi 25 hadi 30 inachukua siku 2. Juni hii, usiku wa kwenu ukishuka hadi nyuzi 13 au 14, hesabu siku 3 au 4, na ziweke ndoo jikoni karibu na ukuta wa jiko. Ndiyo maana nimesema ndoo 3: kila asubuhi unamaliza moja na kuianzisha upya. Ikihitaji siku 4, ongeza ya 4.

Ikiwa tayari utaijua. Ukifunua, pumba zimeumuka na kuwa kama kofia juu ya maji, zina matundu madogo madogo. Ukiikandamiza kofia kwa mwiko inapumua, mapovu yanapanda pembeni, na maji yanayotokea yana rangi ya maji ya kuoshea mchele. Ukali unagusa pua bila kuichoma. Ukipata karatasi za kupima asidi, tafuta 4.5 kwenda chini.

Usilishe ikiwa nusu njia. Siku ya kwanza ndiyo ya hatari kuliko zote, kwa sababu maji na joto vipo lakini asidi haijafika, na bakteria wabaya wanazaliana pamoja na wazuri. Raundi ya kwanza ukiimaliza, bakiza vikombe viwili vya maji yake chini ya ndoo kwa ajili ya inayofuata. Hapo asidi inakuwepo tangu saa ya kwanza na kile kipindi kibaya kinafupika sana. Kila wiki mbili osha ndoo zote kwa maji moto, anika juani, anza upya.

Utando mweupe, mwembamba, uliolala juu ya maji kama ngozi ya uji, ni hamira za porini. Ukoroge, hauna neno. Chenye manyoya, cha kijani, cheusi au cha waridi, ni ukungu: mwaga ndoo nzima, mbali na kuku, usijaribu kukwangua juu. Mara nyingi unatokea kwa sababu nafaka imeinuka juu ya maji na hakuna aliyekoroga. Harufu ya pombe kali maana yake imekaa mno au ina joto mno, punguza siku. Harufu ya siagi iliyovunda au ya kinyesi, mwaga.

Kuna kitu kimoja ambacho ndoo haikiponyi, nacho mwenyeji wa Dodoma hahitaji kuhadithiwa. Mwaka 2016 sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, iliua watu huko kwenu na Manyara kupitia mahindi. Usitegemee kuchachusha kuiondoa, na ukali wa ndoo unaficha harufu ya uvundo ambayo ungeinusa kwenye punje kavu. Kuku akiila inamharibu ini. Pumba ndizo za kuogopa zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye ganda na kiini cha punje, na hivyo ndivyo vinavyokuwa pumba. Nunua pumba za mashine unayoona mahindi yake, zitie mkono ndani ya gunia, zikiwa na joto au zimeshikana mabonge ziache hapohapo. Usidanganyike na bei.

Kulisha: chuja kwa chekecheo au kitambaa, maji uyarudishe ndooni. Changanya dagaa na soya, kisha chukua ngumi moja ukamue. Ishikane kama ugali wa dona uliopoa, isidondoshe tone. Ikidondosha ina maji mno, kinyesi kitakuwa maji na maranda yataanza kutoa amonia. Gawa mara mbili, asubuhi na saa 10 jioni, kiasi kinachoisha ndani ya nusu saa hivi. Kilichobaki baada ya saa moja toa, la sivyo utafuga nzi. Kihori cha mita 1 kinacholiwa pande zote mbili kinatosha 12. Usibane nafasi: utafiti wa Denmark wa mwaka 2009 uliwapa kuku wa mayai chakula kilichochachushwa, maganda yakawa magumu zaidi, lakini kuku nao wakadonoana na manyoya yakaharibika. Chakula kinachogombaniwa kinaleta ugomvi, na mnyonge ndiye anayekosa.

Usiwageuzie ghafla. Siku 3 za kwanza robo, siku 3 nusu, halafu chote. Vifaranga waache na chakula chao kikavu cha dukani mpaka wiki ya 4. Wanakanyaga kihori, wanalowa, na kifaranga aliyelowa usiku wa Juni hafiki asubuhi.

Maji ya kunywa yawepo siku zote, ila utaona wanakunywa kidogo kuliko zamani. Hilo lina athari moja ambayo wengi hawaioni: siku ya kutoa dawa au vitamini kwenye maji, chakula chenye unyevu simamisha, wape kikavu. Vinginevyo wanakunywa nusu ya dozi na unadhani dawa ni feki. Na ugonjwa wa mdondo (kideri) hauogopi asidi ya ndoo. Chanjo ya I-2, tone moja kwenye jicho, kila miezi 3, iko palepale.

Anza na ndoo moja Jumamosi, ya kujifunzia tu. Siku ya 3 ukiifunua, niandikie inanuka nini.

Msalimie mama na watoto.

Wako,
Mwanahawa