Shukrani kwa fundi cherehani wa Shella, Malindi

Assalaam aleikum jamaa. Kijana wetu wa miaka 16, mkanda mweupe (ngazi ya wanaoanza), alibakiza siku mbili kusafiri Nairobi kwa shindano lake la kwanza la jujitsu, mchezo wa kupambana kwa kushikana. Koti lake la mchezo lilikuwa limerowekwa kwenye maji moto, na pamba ikiona moto hurudi. Kanuni za IBJJF, shirikisho la kimataifa la jujitsu ya Kibrazili, ziko wazi: mikono ikinyooshwa mbele, ncha ya mkono wa koti isiwe zaidi ya sentimita 5 kutoka kwenye kifundo cha mkono. Lake liliacha sentimita 7. Angezuiwa kabla hata ya kushikana na mtu.

Fundi huyu, ambaye hakutaka kutajwa jina, alimpima kijana mikono ikiwa imenyooka kama mbele ya mkaguzi. Akafumua pindo kwa wembe, uzi mmoja mmoja, akapata sentimita 3 zilizokunjwa ndani. Ukingo akaukaza kwa utepe mweupe wa pamba upande wa ndani, sindano namba 18, mistari mitatu ya mshono, maana hapo ndipo mpinzani hushika na kuvuta dakika 5 nzima. Kitambaa cha rangi nyingine hakugusa. Hicho nacho kingemtoa. Zikabaki sentimita 4.

Alifunga duka baada ya isha. Pesa alikataa, akasema mtoto akanunue maji njiani.

Ahsante sana, fundi wetu, Mungu akuzidishie. Na wazazi wenzetu: koti lifuliwe kwa maji baridi, lianikwe kivulini, lipimwe wiki mbili kabla ya safari.